UZI: Malazi pwani ya Ireland. Wapi pa kulala, usiku mangapi, na mitego ya kuepuka

Mama_Watatu (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Tunatoka Leicester, watu 6: mimi, mume, watoto 3 (miaka 4, 8 na 11) na bibi yao ambaye magoti yake na ngazi hawapatani. Usiku 9, nusu ya kwanza ya Agosti, kwa gari letu la viti 7. Mimi na watoto tuna pasi za Uingereza. Mume na bibi wana pasi za Tanzania na vibali vya kuishi Uingereza.

Rasimu: Dublin 1, Galway 1, Clifden 1, Doolin 1, Killarney 2, Dingle 1, Kinsale 1, Dublin 1. Sijalipa hata senti. Tunataka bahari, maduka tunayo huku. Nisahihishwe.

---

Mzee_Ramani

Dada, hapo una vitanda 8 kwa usiku 9. Wenye nyumba wengi Ireland wanataka chumba kiwe wazi saa 4 na nusu au saa 5 asubuhi, na unakokwenda hawakupokei kabla ya saa 9 au 10 alasiri. Yale masaa ya katikati ndiyo ya bahari, nawe utayamalizia ndani ya gari, mabegi ya watu 6 yakiwa nyuma.

Ramani inadanganya. Njia ya pwani ya magharibi, Wild Atlantic Way, iliyozinduliwa 2014, ina kilomita 2,500 hivi, kutoka Kinsale hadi rasi ya Inishowen. Haimalizwi kwa siku 9 na haipaswi kujaribiwa. Barabara ndogo za mashambani, zile ambazo namba yake inaanza na L, zilishushwa kutoka 80 hadi kilomita 60 kwa saa mwezi Februari 2025, na mara nyingi hata hiyo 60 huifikii: kona, kuta za mawe pande zote mbili, kondoo waliolala lamini, trekta mbele. Galway hadi Clifden ni kilomita 80 tu, tenga saa moja na nusu.

Vituo viwili. Vitatu ukilazimika.

Na Killarney itoe. Ina maziwa na msitu mzuri sana, lakini haiko baharini. Watu huiweka kwa sababu mabasi ya watalii yanaanzia hapo kuzunguka Ring of Kerry (kilomita 179). Anayetaka kuamka na bahari dirishani alale Kenmare kwenda mbele: Sneem, Caherdaniel, Waterville, Portmagee, au upande wa pili kwenye rasi ya Dingle.

---

Kasri_la_Mtwana

Kabla hamjafika kwenye mashuka na mito: visa. Mume na bibi wanahitaji visa ya Ireland. Kibali cha kuishi Uingereza hakitoshi.

---

mkwezi77

Si Ireland iko Umoja wa Ulaya? Wachukue Schengen wamalize.

---

Kasri_la_Mtwana

@mkwezi77 hapana kaka. Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja). Visa ya Schengen haikuingizi Dublin, na visa ya Ireland haikuingizi Paris. Kuna mpango wa msamaha kwa raia wa baadhi ya nchi wenye visa ya Uingereza (Waomani wamo), ila Kenya, Tanzania na Uganda hazimo.

Fomu inajazwa mtandaoni, kisha unachapisha muhtasari, unausaini na kuutuma na vielelezo. Ada ni yuro 60 kuingia mara moja, 100 kuingia mara nyingi. Tenga wiki 8. Wanataka kuona mtalala wapi kila usiku, kwa hiyo malazi unayaweka kabla ya visa, na hapo ndipo watu wanapoumia: wanabuku kwa bei ya "hairudishwi" kwa sababu ni nafuu kidogo, jibu la visa linachelewa, pesa imekwenda. Chagua yenye kughairi bure hadi siku chache kabla, hata kama ni ghali kidogo. Tiketi ya meli usilipe mpaka visa iko mkononi.

Kwa wanaosoma uzi huu kutoka Dar, Nairobi au Kampala wakiwa na visa ya Ireland peke yake: Giant's Causeway, Portrush, Ballycastle na lile daraja la kamba la Carrick-a-Rede viko Ireland ya Kaskazini, yaani Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi wala bango la maana, kasi inageuka tu kuwa maili, lakini kisheria umeingia nchi nyingine. Na mtego mkubwa zaidi: ukiiambia ramani ya simu ikupeleke Dublin hadi Donegal, itakupitisha Monaghan, kisha Omagh na Strabane ambazo ziko ndani ya Uingereza kabisa. Njia inayobaki Ireland ni kupitia Sligo na Bundoran.

---

BintiPemba

Sasa bei, maana ndiyo inayowakamata wageni wengi.

B&B za Ireland (nyumba za watu zinazolaza wageni na kuwapa kifungua kinywa) na baadhi ya hoteli ndogo hutangaza bei kwa kichwa, si kwa chumba. Utaona "€60 pps". Hizo herufi maana yake kila mtu, mkiwa wawili chumbani. Chumba ni 120. Ukilala peke yako mwenye nyumba anaongeza nyongeza ya mtu mmoja. Tovuti kubwa za kubuku huonyesha bei ya chumba, kwa hiyo mtu analinganisha 60 ya tovuti ya mwenye nyumba na 110 ya tovuti kubwa na kudhani amepata nusu bei. Yeye ndiye aliyepotea.

"Family room" ni kitanda kikubwa kimoja na kidogo kimoja au viwili. Watu 6 hamuingii, mtahitaji vyumba viwili. Andika umri wa kila mtoto kwenye barua pepe, wengi hupunguza bei ya watoto ila hawasemi mpaka waulizwe.

Kwa bibi usiulize "mna ngazi?" Uliza: "chumba cha kulala NA bafu viko sakafu ya chini?" Nyumba nyingi za B&B vijijini ni bungalow (nyumba isiyo na ghorofa), na mtu anafurahi. Lakini kuna aina inaitwa dormer bungalow: kwa mbele inaonekana ya chini, kumbe vyumba vya wageni viko darini na ngazi ni nyembamba na kali. Ukiona vidirisha vimechomoza kwenye paa pichani, ndiyo hiyo.

Kifungua kinywa kiko ndani ya bei na ni kizito: mayai, soseji, vipande vya bacon, nyanya, uyoga, mkate wa soda, na viduara viwili vinavyoitwa pudding, kimoja cheusi kimoja cheupe. Soseji ni nguruwe. Kile cheusi kina damu ya nguruwe, cheupe hakina damu lakini nyama ni ileile. Vyote vinakaangwa kikaangio kimoja. Mwambie mwenye nyumba jioni iliyotangulia, si asubuhi mafuta yakiwa yameshachemka: mayai ya kuchemsha, uji wa shayiri, samaki salmoni wa kufukizwa. Wanapokea vizuri, ni suala la kusema mapema.

---

Mama_Watatu

Ahsante BintiPemba, hiyo ya pps nilikuwa nimeshaingia kichwa kichwa. Nyama nilipanga kubeba ya halali kutoka Leicester kwenye boksi la barafu.

---

BintiPemba

Usibebe! Kutoka Uingereza kuingia Ireland nyama na maziwa vimepigwa marufuku kwa abiria tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Bandarini wanapekua na wanatupa. Hata sandwichi ya kuku. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa. Mabucha ya halali yapo Dublin, Limerick na Galway, nunua njiani. Na mkiwa baharini kuleni samaki jamani: makreli wa Agosti, kome, kaa. Kando ya bahari hiyo kuku wa barafu ni aibu.

---

Nahodha_Mstaafu

Tarehe. Nusu ya kwanza ya Agosti ndiyo kilele chenyewe. Jumatatu ya kwanza ya Agosti ni mapumziko ya taifa, na wiki inayoishia hapo ni ya mbio za farasi Galway: kitanda kilichobaki mjini bei yake itakutoa machozi. Tarehe 10 hadi 12 ni Puck Fair pale Killorglin, Kerry, ambako hutawazwa beberu wa mlimani kuwa mfalme wa mji (si utani). Vyumba vinaisha kilomita nyingi kuuzunguka na barabara inakwama.

Jambo la pili litakaloamua ratiba yako yote: nyumba za kujipikia Julai na Agosti hukodishwa wiki nzima, Jumamosi kwa Jumamosi. Usiku 4 hupati, au unapata kwa bei ya 7. Kwa hiyo usiku 9 wako una umbo moja tu la maana: 7 + 2. Nyumba wiki moja, B&B siku mbili mwanzoni au mwishoni.

---

Mlima_na_Mawimbi

Naunga mkono 7 + 2. Sasa wapi.

Kaunti ya Clare kwa zile 2. Doolin wengi hudhani ni kijiji kimoja, kumbe ni vipande: Fisher Street chini karibu na maji, Roadford juu, kilomita moja hivi katikati, na B&B zimetapakaa mashambani. Gati ya boti za visiwa vya Aran iko mbele zaidi ya Fisher Street. Anayekuja kwa ajili ya muziki wa baa usiku akae ndani ya mwendo wa miguu, kwa sababu njia haina taa na sehemu kubwa haina pa kutembea kwa miguu. Anayekuja na watoto wa kulala saa 2 afikirie Lahinch: mchanga mrefu, waokoaji majini, shule za kuteleza kwenye mawimbi zinazokodisha suti za mpira, na Cliffs of Moher si zaidi ya dakika 20 kwa gari. Ballyvaughan ni pazuri na pametulia, imejificha ndani ya Galway Bay upepo hauitesi, ila mchanga wa kuchezea uko Fanore, dakika 20.

Majabali ya Moher (mita 214 pale juu kabisa): fika kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Katikati ya hapo mabasi kutoka Dublin yamemwaga watu. Tiketi ni kwa kichwa na maegesho yamo ndani yake, watoto chini ya miaka 12 bure. Ile njia ya miguu ya ukingoni kutoka Doolin, sehemu zake zilifungwa 2024 kwa usalama. Na mtoto wa miaka 4 nisingekwenda huko hata ikifunguliwa.

Kerry kwa zile 7. Chaguo langu Ventry, kilomita 7 magharibi mwa mji wa Dingle. Ghuba ina umbo la mwezi mchanga, imekingwa, mchanga ni mlaini na maji yanazama polepole. Mji uko jirani kwa duka kubwa la SuperValu na duka la dawa, lakini hulali ndani yake ambako Agosti maegesho ni vita. Mzunguko wa Slea Head, kilomita 47 hivi, unapita mlangoni kwako: uzunguke kwa kufuata mshale wa saa, yaani Dingle, Ventry, Slea Head, Dunquin, Ballyferriter. Ukienda kinyume utakutana uso kwa uso na basi la watalii kwenye jabali, na wewe ndiye utakayerudi nyuma. Njiani kuna ufuo wa Coumeenoole, unaonekana kama kadi ya posta. Pigeni picha, msiogelee. Mkondo wake ni mbaya.

Huko ni Gaeltacht, eneo linalozungumza Kiayalandi, kwa hiyo vibao vya barabara vimeandikwa kwa lugha yao peke yake. Dingle utaiona kama Daingean Uí Chúis, Ventry ni Ceann Trá. Yaandike kwenye karatasi kabla hujaondoka.

---

Nahodha_Mstaafu

Derrynane, Caherdaniel, ni bora kuliko Ventry kwa watoto. Vidimbwi kati ya miamba, vilima vya mchanga, nyumba ya kihistoria ya Daniel O'Connell papo hapo ya kukimbilia mvua.

---

Mlima_na_Mawimbi

Kwa uzuri nakubali bila ubishi. Ila duka kubwa la maana liko mbali, na mvua ikikaa siku mbili Caherdaniel hakuna pa kwenda na watoto watatu zaidi ya hiyo nyumba. Dingle kuna bwawa la samaki la maonyesho na maduka ya vitabu. Bibi naye atapata pa kukaa na chai yake. Kwa wapenzi wawili ningesema Derrynane.

---

Kibuyu_cha_Asali

Jamani niulize la pembeni: zile nyumba za taa za meli za kulala wageni, zipo kweli au ni picha za mtandaoni?

---

Mzee_Ramani

Zipo. Loop Head (Clare), Galley Head (Cork), Fanad Head na St John's Point (Donegal): unalala kwenye nyumba za walinzi wa taa, si ndani ya mnara. Wicklow Head ndiyo unalala ndani ya mnara wenyewe, wa 1781, wa pembe nane. Jiko liko juu kabisa, ngazi 109. Umesahau chumvi kwenye gari, umeisha. Nyingi zinataka usiku 2 kwa uchache na zinajaa mapema sana. Bibi wa mleta uzi asionyeshwe hata picha.

---

fundi_bomba

Mmeongea yote isipokuwa nyumba yenyewe. Nyumba za kupanga pwani ya magharibi zina tabia zake, na simu za wageni kwa mwenye nyumba usiku wa kwanza ni zilezile.

"Shawa haifanyi kazi." Angalia juu: bafuni kuna kamba inaning'inia kutoka darini, au nje ya mlango kuna swichi kubwa yenye taa nyekundu. Vuta, taa iwake, ndipo shawa ya umeme ipate moto. Wageni huidhani ni ya taa ya chumba, wakiona haiwashi taa wanaivuta tena, wameizima.

"Maji ya bombani ni ya baridi." Ndani ya kabati la tangi kuna swichi imeandikwa immersion, nayo ina sehemu mbili: sink na bath. Sink inachemsha sehemu ya juu tu ya tangi, ya kuoshea vyombo. Bath inachemsha lote. Kwa watu 6 weka bath saa moja kabla ya kuoga, kisha ZIMA. Inakula umeme kama moto wa nyika. Na hapa soma mkataba: baadhi ya nyumba umeme unalipwa mbali, kwa kusoma mita mkiingia na mkitoka. Piga picha ya mita dakika ya kwanza mlangoni, tarehe ionekane.

"Moshi umejaa sebuleni." Jiko la chuma la kuni au turf, yale matofali ya udongo mweusi wa kinamasi yaliyokaushwa, lina kibati cha kuruhusu hewa chini na mara nyingine kingine kwenye bomba. Fungua vyote viwili kabla ya kuwasha, moto ukishika ndipo upunguze cha chini. Tundu la hewa ukutani usilizibe kwa taulo hata upepo ukipiga mluzi namna gani. Bonyeza kitufe cha king'ora cha hewa ya sumu usikie kinalia kabla hamjalala.

Choo: mashimo ya maji taka ni ya nyumba yenyewe. Karatasi ya choo peke yake. Vitambaa vya kufutia watoto, hata vilivyoandikwa vinayeyuka, vinaziba.

Plagi ni za pini tatu zilezile za kwetu, volti 230, huhitaji kigeuzi. Ila bafuni hakuna soketi zaidi ya ile ya mashine ya kunyolea. Kikausha nywele ni chumbani.

Uliza mambo manne kabla ya kulipa: kuna mashine ya kukausha nguo (Agosti kamba haikaushi), mashuka na taulo vimo kwenye bei, amana inarudi baada ya siku ngapi, na Eircode ya nyumba.

---

Mama_Watatu

Eircode ndiyo nini mkuu?

---

fundi_bomba

Msimbo wa posta, herufi na tarakimu 7, ulianza 2015. Kila nyumba ina wake peke yake. Vijijini barabara nyingi hazina jina na nyumba hazina namba, anwani inaweza kuwa jina la familia, jina la eneo na kaunti, basi. Bila Eircode mtazunguka usiku mkiuliza kwenye mabaa. Tatu za mwanzo ni za eneo: V92 ni Tralee na Dingle, V93 Killarney, V95 Ennis, H71 Clifden, F28 Westport.

Na inakusaidia kugundua uongo wa matangazo. Nyumba imeandikwa "mandhari ya bahari": omba Eircode, ibandike kwenye ramani ya satelaiti, tazama bahari iko upande gani na kuna nini katikati. Wakati mwingine bahari hiyo ni utepe wa buluu unaouona ukisimama juu ya sinki. Nyumba iliyoelekea magharibi bila mti wala kilima itakupa machweo, mwanzoni mwa Agosti jua linazama kama saa 3 na nusu usiku, lakini dhoruba ya kusini-magharibi ikija itagonga dirisha hilohilo.

---

Chaza_wa_Mrima

Mtanisamehe, wote mnamsukuma magharibi kama vile Ireland haina upande mwingine. Familia yenye mtoto wa miaka 4 na bibi: kusini-mashariki! Wexford na Waterford. Mvua ni kidogo kuliko magharibi, kutoka bandari ya Dublin ni saa mbili au tatu. Curracloe ina mchanga kilomita 11 hivi. Dunmore East ni kijiji cha wavuvi chenye vighuba vidogo. Hook kuna mnara wa taa wa miaka 800 hivi ambao bado unawaka. Ardmore, Copper Coast... na mwisho wa Agosti bei si za Dingle.

---

Mzee_Ramani

Hoja nzito, na kama angekuwa na usiku 4 ningesema Dunmore East bila kupepesa. Kwa 9, na meli anayoingilia Dublin, magharibi inafikika. Ila anayesoma huu uzi akiwa na wikendi ndefu tu asiende Kerry. Dublin hadi Dingle ni saa 4 na nusu bila kusimama, kwenda na kurudi umemaliza siku yako moja kwenye usukani.

---

mkwezi77

Sisi tusio na gari je?

---

Mlima_na_Mawimbi

@mkwezi77 inawezekana, ila kituo unachagua kwa ratiba ya basi, si kwa picha. Treni zinafika Galway, Westport, Sligo, Killarney na Tralee. Kutoka Tralee basi 275 hadi Dingle. Basi 350 kati ya Galway na Ennis linapita Ballyvaughan, Fanore, Doolin na Cliffs of Moher yenyewe. Galway hadi Clifden kuna mabasi kila siku. Donegal treni hazifiki.

Usipokuwa na gari, Inis Mór, kisiwa kikubwa cha Aran, ni malazi bora kuliko yote: wageni hawaingizi magari hata kidogo. Boti kutoka Rossaveal dakika 40 na kitu, mwaka mzima. Lala usiku 2 Kilronan, kodi baiskeli. Boti ya mwisho ya jioni ikiondoka na watalii wa siku moja, kisiwa kinabaki chenu na Dún Aonghasa, ngome ya kale ya mawe, asubuhi ni upepo na nyinyi tu. Kutoka Doolin boti ni za msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli.

---

Nahodha_Mstaafu

Na kwa anayetaka Skellig Michael: lala Portmagee au Valentia usiku 3, si 1. Kushuka kisiwani ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, watu 180 tu kwa siku, kila boti abiria 12. Mawimbi yakikataa safari inafutwa asubuhi hiyohiyo, na mwenye usiku mmoja amekosa. Kule juu ni ngazi 618 za mawe za watawa, hazina pa kushikilia. Watoto wako dada wachukue ile boti inayozunguka tu bila kushuka.

Wenye magari ya kulala: Conor Pass, ile njia ya mlimani ya kuingilia Dingle, gari lenye uzito zaidi ya tani 2 haliruhusiwi. Pitia N86, Annascaul. Na kulala kwenye maegesho ya ufukweni mara nyingi ni marufuku, soma kibao.

---

Mama_Watatu

Nimeketi na mume, tumefumua yote. Alhamisi meli Holyhead–Dublin, saa 3 na robo, kisha moja kwa moja Lahinch, B&B vyumba viwili, sakafu ya chini, usiku 2. Jumamosi tunashuka Killimer, feri ya kwenda Tarbert, hadi Ventry, nyumba ya wiki. Jumamosi inayofuata Dublin, meli ya jioni. Visa ya mume na bibi tunaanza wiki hii. Kuna tundu?

---

Mlima_na_Mawimbi

Feri ya Killimer–Tarbert ni dakika 20 na inakuokoa kilomita 137 za kuzungukia Limerick. Inaondoka kila saa kwa uchache, gari linaingia kwa foleni. Lahinch hadi Ventry pamoja na feri na kujisaidia njiani wekeni saa 4. Kutoka Tarbert pitieni Tralee, msiingie Killorglin kabisa zile siku za beberu.

Ufukweni Ventry: ogeleeni kati ya bendera nyekundu-na-njano. Waokoaji wa Agosti huwepo saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni. Maji ni nyuzi 15 au 16, watoto wataingia, nyinyi mtasimama na taulo. Dharura baharini piga 112, omba Coast Guard.

---

Kasri_la_Mtwana

Tundu moja. Mkitoka bandarini mtapita handaki la bandari, pale mnalipa kibandani, halafu M50, barabara kuu inayozunguka Dublin, kwenda makutano 7 ya kuingia M4. Kati ya makutano 6 na 7 kuna tozo isiyo na kizuizi wala kibanda: kamera inapiga picha namba ya gari, hata ya Uingereza. Unalipa mwenyewe mtandaoni au dukani kabla ya saa 2 usiku ya siku inayofuata, vinginevyo faini. Siku hiyo inayofuata ni Ijumaa na mtakuwa Lahinch mmeshajisahau, kwa hiyo lipeni Alhamisi usiku mkiwa mnafungua mabegi. Mkirudi mtaipita tena, safari hiyo lipeni mkiwa kwenye foleni ya meli. Vibanda vya M4 na M6 vinapokea kadi. Na hakikisha bima ya gari lako inakubali Ireland.